Dada wa Shujaa

Jumapili

Walinizomea, na walikuwa na haki.

Ile filme ya shujaa wa vitabu vya katuni, sehemu ya pili, imefika mwishowe. Miaka saba watu wa Uvira wananiuliza itakuja lini. Leo mchana sale ya video ilijaa mpaka mlangoni, wengine walitoka Luvungi kwa pikipiki. Mimi nilikuwa na mikro yangu, natafsiri maneno ya filme kwa Kiswahili kama kawaida.

Haikupita nusu saa, shujaa akamuoa yule binti wa sehemu ya kwanza.

"Anaoa dada yake!" fundi cherehani mmoja akapiga kelele. Ikabidi tusimamishe filme. "Si weye ulituambia ni dada yake?"

Kweli nilisema. Kwenye sehemu ya kwanza walikumbatiana, na mama mukwe wangu alikuwa amekaa benchi ya mbele. Ningetamkaje maneno ya mapenzi mbele yake? Nikasema, "Dada yangu, siku nyingi!" Tangu hapo, kila tulipoirudisha ile filme, dada akabaki dada.

Leo mama mukwe alikuwa kwenye benchi ileile. Nikadanganya tena kwamba binti aliokotwa akiwa mtoto. Wakazomea, wakacheka, wakakaa.

Mwishoni nikamkuta mlangoni. Akasema akiangalia pembeni, "Mukwe, minye nilijua tangu ile ya kwanza. Mutu hakumbatiake dada yake vile. Nilinyamaza juu nisikupatishe haya."

Kisha akauliza, polepole, pale kwenye ndoa waliambiana nini kweli.

Nikamwambia sikusikia vizuri.