Phiona Hataki Simu

Busia, 4 Agosti 2025

Mama,
Habari za Iyolwa? Mguu unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila kazi ya jikoni huku upande wa Kenya imenishika, ruhusa sitapata mpaka mwisho wa mwezi.

Kuna jambo linaniuma. Kila Jumapili nikipiga unasema Phiona hataki kuongea. Mtoto wa miaka mitano asimtake mama yake? Najua hukutaka niondoke. Lakini kama unamwambia nilimtupa, tafadhali acha.
Mwanao, Nerima

Iyolwa, 5 Agosti

Nerima,
Sisi wazima, mguu ni ule ule. Sijamwambia neno baya juu yako. Ukipiga anakimbilia nyuma ya jiko. Nikiweka simu chini anaichukua acheze ule mchezo wa keki uliomwekea wewe mwenyewe. Umeniumiza.
Mama yako

Iyolwa, 19 Agosti

Mwanangu Nerima,
Umeamkaje huko? Ulininunia, nami nikakununia, kumbe kosa si letu.

Leo nimekaa kando ya Phiona nikatazama. Keki hana haja nazo, anaoka haraka haraka ili tangazo litokee. Mwanamume anamsukuma mkewe nje na mtoto mchanga mikononi. Kitu cheupe kama unga kinawaangukia, wanatetemeka. Huyo mwanamke amevaa nguo nyekundu kama ile uliyoondoka nayo. Halafu anayecheza anaambiwa achague cha kuwaokoa, kuni au blanketi. Phiona akagusa kuni, moto ukazimika. Liliporudi akagusa blanketi, likapasuka, mwanamke akaanguka. Nilijaribu mimi pia, nikashindwa. Wamelitengeneza mtu ashindwe, ili akachukue mchezo wao mwingine.

Nikamuuliza kwa nini anakukimbia. Akasema, "Jaja, mama anakufa na baridi. Mimi nashindwa kuokoa yeye. Atanigombeza."

Nililia, Nerima. Ni mtu gani anaweka kitu kama hicho katikati ya keki za watoto? Mchezo nimeufuta. Nimemwambia ni uongo, hasikii. Njoo akuone.
Mama yako

Busia, 19 Agosti

Mama, nisamehe kwa yale niliyokuandikia. Nimeomba siku moja, wamenipa. Keshokutwa nakuja.
Nerima

21 Agosti

Mama,
Pole na shamba. Usishtuke ukikuta nyumba kimya, Phiona niko naye, tumeshafika Tororo tunangoja gari la Busia. Bridgit, ninayefanya naye kazi jikoni, amekubali Phiona awe anashinda na watoto wake.

Ulipotoka asubuhi, Phiona aliinama akanishika miguu, mmoja halafu mwingine, aone kama ina baridi. Akauliza, "Nani alikufungulia?" Nikamwambia hakuna aliyenifungia nje. Hakuniamini. Muda wa kuondoka ulipofika nikachukua mkoba. Akaenda akafunga mlango, akakaa chini akauegemea kwa mgongo, asije mtu akanitoa.

Nilipanga kukungoja tuagane vizuri, ila saa ya gari ilifika hujarudi, na najua utaumia. Lakini sikuweza kumwondoa pale mlangoni ili nipite peke yangu.
Mwanao, Nerima