Nimeimba wimbo wa kuagana mbele ya wakwe wa mpwa wangu

Mama Mshauri, shikamoo. Kwanza ujue kwamba barua hii inatoka kwa mtu ambaye kwa kawaida haombi ushauri bali huombwa, maana hapa mjini Kiryu hakuna mashine ya karaoke inayowashwa bila jina langu kutajwa, na yule mwenye jumba la karaoke karibu na stesheni hanunui mashine mpya mpaka anipigie simu kuniuliza kama itanitosha, nami humwambia subiri kwanza nimalize kugawa gesi. Kazi yangu ni kupeleka mitungi ya gesi majumbani. Shule niliiacha njiani, sikatai, lakini majina ya nyimbo yamo kichwani mwangu yamepangwa kwa silabi kama mitungi kwenye lori, ukisema "re" nakushushia "re", ukisema "mu" nakushushia "mu", na hiyo "ru" inayowaua watu wote mimi ninazo za kuwagawia majirani. Mwaka mmoja niliimba kwenye sherehe ya mtaa tangu asubuhi mpaka mashine ikatoa moshi, fundi akaja akaifungua akasema haijaharibika, imechoka tu.

Sasa tatizo langu ni hili. Dada yangu Yaeko ana binti mmoja, Minori, ambaye baba yake alifariki mtoto bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo mjomba ndiye baba, na mimi ndiye niliyeambiwa nimshike mkono nimwingize ukumbini siku ya harusi yake mwezi wa kumi na moja, suti nimeshapimwa, na njiani na lori nimekuwa nikijizoeza kutembea polepole, wateja wananiuliza kama mgongo unauma.

Jumapili iliyopita familia mbili zikakutana kujuana. Tukala tambi pana za kwetu, mambo yakaenda vizuri, bwana harusi Shunpei kijana mpole, baba yake Bwana Hoshino mcheshi, na bibi yake mzaa baba, Bibi Fusae, amevaa kimono cha zambarau, anacheka na kila mtu. Vijana wakasema twendeni karaoke. Tulipofika chumbani Bwana Hoshino akasema, "Nasikia mjomba wetu ni bingwa wa mnyororo. Tucheze basi, tuone kama ni kweli au ni gesi tupu." Mama Mshauri, mtu akikwambia hivyo mbele ya dada yako utafanyaje?

Mchezo kila mtu anaujua: mwenzako akimaliza kuimba, silabi ya mwisho ya jina la wimbo wake ndiyo inayoanza jina la wimbo wako, uwe umo kwenye mashine, uuimbe kweli, usirudie ulioimbwa, na jina likiishia na "n" peke yake umekufa, maana hakuna jina linaloanza nayo. Mmoja mmoja wakaanguka. Shunpei alianguka kwa "n", Yaeko alikosa "ru" akasema afadhali ale kuku wake kwa amani, Minori naye akatoka mapema, na Bibi Fusae, ambaye hakucheza, akawa anatupigia tari. Tukabaki mimi na Bwana Hoshino. Akachagua wimbo wa zamani kuhusu mto, jina linaishia na "wa", akauimba vibaya sana, akanipa kipaza sauti.

"Wa, mjomba! Leo umenasa!"

"Sijanasa. Nachagua."

"Anachagua nini, macho yamemtoka! Haya wote, tumhesabie! Kumi! Tisa!"

Chumba kizima kikaanza kuhesabu, hata dada yangu wa kuzaliwa tumbo moja. Nyimbo zangu za "wa" nilikuwa nimeshazitumia mwanzoni kwa kujionyesha kidogo, na hakuna mtu hata mmoja aliyenisaidia, nikawa peke yangu kama mtungi ulioachwa mvuani. Ndipo nikakumbuka ule wa kuagana, jina lake linaanza na neno wakare, yaani kuagana, ule wa mwanamke anayemsindikiza mumewe kituo cha treni akijua kwamba hatarudi. Nikaubonyeza. Minori akasema, "Mjomba, huo hapana," lakini muziki ulikuwa umeshaanza, na muziki ukianza mimi simsikii mtu. Niliimba beti zote tatu. Ule wa mwisho niliuimba nimefumba macho. Mashine ikanipa alama tisini na sita.

Nilipofumbua macho hakuna aliyekuwa anapiga makofi. Bibi Fusae alikuwa ameliweka tari mezani.

"Shunpei, nipe koti langu."

"Mama, ni mchezo tu," Bwana Hoshino akasema.

"Basi chezeni. Mimi nilikuja kumpokea mke wa mjukuu wangu, sikuja kumzika mtu."

Akatoka. Jioni Yaeko akanipigia simu: "Tetsuji, yule bibi amesema ukiwepo ukumbini yeye haingii. Minori ataingia na mimi. Wewe usije." Nikamwambia dada, mimi nilishinda kwa haki. Akakata simu. Minori hapokei simu zangu kabisa.

Nimefikiria kumwandikia Bibi Fusae nimweleze kanuni za mchezo, ili aone kwamba kosa ni la Bwana Hoshino aliyenipa "wa". Au niombe turudie mchezo mbele ya mashahidi. Nishauri, lipi ni bora?

Kuna jambo moja dogo limebaki, nalo silipendi, ila naona barua haifungiki bila hilo. Nimeandika kwamba hakuna aliyenisaidia. Minori alikuwa amekaa mbele yangu, na walipofika tano aliweka mikono juu ya magoti yake akawa anafungua viganja na kuvifunga, hivi, kama mdomo. Upo wimbo wa watoto ambao jina lake linaanza na wani, yaani mamba, habari za mamba mwenye jino bovu. Nilikuwa nikimwimbia kwenye lori alipokuwa mdogo, na mikono tulifanya hivyo hivyo. Niliona, Mama Mshauri. Niliona vizuri kabisa. Lakini ule wimbo haumlizi mtu.

Mjomba wa Gesi, Kiryu

*

Mjomba wa Gesi,

Shikamoo yako nimeipokea, sifa zako nimeziruka.

Pole, kwanza. Kushonewa suti ya kumwingiza binti ukumbini na kisha kuambiwa usije, hilo linauma, nami sitalicheka. Mengine yote nimeyacheka, tena nimemsomea mume wangu.

Baba mzima unajua kwamba kwenye harusi hatusemi keki "inakatwa", tunasema inatiwa kisu, na sherehe "haiishi", inafunguka, maana neno la kukata, la kuisha au la kuagana ni mkosi kwa maarusi. Mshereheshaji kijana wa miaka ishirini anajua, mpishi anajua, hata anayeegesha magari anajua. Wewe ukambebea yule bibi mume asiyerudi, beti tatu, macho umefumba! Na mbele ya nani? Mbele ya dada yako, mjane. Yeye hukumtaja hata kidogo katika habari ya wimbo. Naye pia aliimbiwa, ndugu yangu. Alihesabu pamoja na wenzake akicheka, kisha akakaa akasikiliza. Na jioni ukamwambia ulishinda kwa haki.

Kanuni za mchezo usimwandikie mtu. Kurudia mchezo, nikisikia umerudia nitakuja Kiryu mwenyewe. Bwana Hoshino hana kosa, "wa" ni silabi kama silabi nyingine, na wewe ulikuwa na jibu lake, ulionyeshwa, ukalikataa. Hukunaswa. Ulitaka watu walie, wakalia.

Sasa fanya hivi. Anza na Yaeko, leo, kabla ya kazi. Usipige simu, nenda mlangoni kwake, mwambie hukufikiri habari ya marehemu shemeji yako hata kidogo na unaona aibu. Akikufungia mlango, rudi kesho.

Kisha nenda kwa Bibi Fusae, mchana, umevaa nguo zako za gesi, si suti. Muulize Shunpei kwanza kama bibi atakupokea. Piga magoti pale pale unapovua viatu, sema, "Nilitaka kupigiwa makofi, nikasahau nimekuja kwa shughuli gani." Usiongeze neno. Najua itakuwa vigumu kuliko "ru". Akikuuliza kwa nini hukuchagua wimbo mwingine, mwambie ukweli wa mamba. Akitaka kuusikia, uimbe, na mikono uifanye, beti moja, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayembembeleza mtoto. Asipotaka, shukuru uondoke.

Kwa Minori usiombe nafasi yako. Nafasi hiyo haikuwa tuzo ya bingwa. Mkono unaotaka kuushika siku hiyo ndio uliokuwa unahangaika magotini kukuokoa wakati wewe unatafuta makofi. Mwambie tu kwamba uliuona. Mwambie wewe mwenyewe, asije akalisoma hapa kwanza; jibu hili nimekutumia mapema kwa posta, kwa hiyo una mpaka Jumatano gazeti litakapotoka. Kisha nyamaza umwache aamue. Akisema ataingia na mama yake, na bibi akiridhia uje, utakaa meza ya nyuma karibu na mlango, pamoja na ndugu wengine, na utakula ulichowekewa.

Na akikupa mkono, tembea. Kutoka mlangoni mpaka mbele si mbali. Usiimbe njiani.