Jumapili Niliyokaa Benchini

Jumanne, 9 Juni
Mazoezi ya kwaya tena leo, kutoka shambani moja kwa moja. Sauti ya tatu bado inachelewa kuingia. Nimewagombeza. Ule wimbo mpya niliotunga, tunaouimba sasa kila Jumapili, nimeupandisha tena, juu kuliko wiki iliyopita, na mwisho wake nimeushikilia mpaka watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga makofi. Najua ninavyoimba. Hapa Kibua hakuna wa kunizidi. Naandika haya bila aibu kwa kuwa hakuna atakayeyasoma.

Mkutano mkuu ni tarehe 28. Makanisa yetu ya Walikale, na ndugu wa Masisi, hadi wale wa Kashuga. Atasimama kiongozi mmoja tu wa nyimbo za kuabudu. Pasta atamtaja Jumapili ya 21. Naitaka nafasi ile.

Alhamisi, 18 Juni
Kwaya imenituma mjini Mubi kununua vitu. Nyuzi za gitaa, na mikro moja, kipaza sauti kisichokoroma. Naondoka kesho kwa pikipiki. Nafurahi kama mtu aendaye harusini.

Jumamosi, 20 Juni
Nimekwama! Mikro iko kifuani, nimeifunga kwa kitambaa. Mvua imenyesha, pikipiki zimekataa kurudi, nikapanda lori. Lori limezama kwenye tope. Malori mengine yamejipanga nyuma yetu, hakuna anayekwenda popote. Shofa wa lori letu anakula ndizi, hana wasiwasi hata kidogo.

Saa hizi kwaya iko mazoezini bila mimi. Asiyefanya mazoezi ya Jumamosi haimbi Jumapili: sheria hiyo niliiweka mwenyewe, kwa ajili ya wavivu. Mimi si mvivu. Wataelewa.

Abiria wameomba niimbe. Nimewaimbia. Wameshangilia sana. Hakuna aliyeitikia, wamechoka.

Jumapili, 21 Juni
Hawakuelewa.

Nimefika asubuhi, nimenawa, nimevaa sare, nimekimbia. Mlangoni amesimama Papa Samweli, rais wa kwaya. "Dada Zawadi, wewe njo uliweka iyi sheria. Mwenye hakufanya repetisyo haimbake. Leo uko wa kwenye benchi." Nilidhani anatania. Hatanii. Mzee yule alikuwa anatabasamu!

Nikakaa benchini na waumini, nimevimba kwa hasira, kando ya Mama Kahindo. Ni bibi wa kutoka milima ya Masisi, kila Jumapili yuko, sijawahi kusikia sauti yake. Mbele akasimama Noela, msaidizi wangu. Sauti ya Noela ni nzito, ina mikwaruzo. Akauanza wimbo wangu chini. Chini kabisa. Nikajisemea, basi, ameuharibu.

Mama Kahindo akafungua mdomo, akaimba. Akaimba baba wa nyuma yetu. Halafu benchi zote, halafu waliosimama nje, nyumba nzima ya Mungu inaimba! Nami nikajikuta nimesimama, naimba, machozi yananitoka mbele za watu. Wivu ulikuwepo. Furaha nayo ilikuwepo. Vyote viwili vilinibana palepale na sikujua kipi ni kipi.

Wimbo ulipoisha Mama Kahindo akaniinamia. "Kumbe iyi wimbo iko muzuri, mutoto wangu. Siku zote tulikuwa tunakuangaliaka tu."

Jumapili zote hizo nilisimama mbele nimefumba macho, nikidhani naabudu pamoja nao. Kumbe nilikuwa nimeupandisha wimbo mahali wasipoweza kuufikia.

Mwisho wa ibada Pasta akamtaja kiongozi wa mkutano mkuu. Mimi. Watu wakapiga makofi, nami niko benchini na tope kwenye visigino.

Jumatatu, 22 Juni
Nimepata nilichokitaka. Mbona moyo hautulii?

Nimepalilia maharage huku najaribu kuuimba chini. Mistari miwili nawezana nayo. Wa tatu koo linapanda lenyewe, kama mbuzi aliyeona mlima. Na hapo hakuna hata mtu wa kunishangilia. Mbele ya umati itakuwaje? Najijua. Makofi yakianza, nitapanda, na Mama Kahindo atafunga mdomo.

Jumatano, 24 Juni
Nimekwenda kwa Pasta. Nimemwomba amruhusu Noela aongoze badala yangu.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, Pasta. Niko muzima. Lakini Noela akiimbisha, watu wanaimba. Mimi nikiimbisha, wananisikiliza."

Akacheka. Akasema sawa, ila nikamwambie Noela mwenyewe.

Noela alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi umemponyoka. "Dada, unanichezea?" Nimempa mikro ile ya Mubi. Vidole vyangu vilichelewa kuiachia, nakiri. Kisha tumefanya mazoezi mpaka jua likazama, nikimwonyesha pa kuvuta pumzi. Anashika haraka! Nimerudi nyumbani nikitembea kwa kurukaruka.

Jumapili, 28 Juni
Ee Mungu wangu! Sijui nianzie wapi.

Wamekuja! Wa Masisi wamefika tope magotini, wa Kashuga tumewasikia kabla ya kuwaona, wanaimba barabarani. Uwanja umejaa mpaka kwenye migomba. Noela alinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, sauti ya pili. Nikamwashiria kwa kiganja: chini, chini. Akaanza.

Wakaitikia. Wote! Nilifungua mdomo, nikajua natoa sauti, lakini sikuisikia. Ilipotea ndani ya sauti za watu. Nikaongeza, bado siisikii. Nikaongeza tena! Nikaruka, kitenge kikafunguka, nikakifunga, nikaruka tena. Hakuna aliyenitazama. Sijawahi kuimba hivi tangu nizaliwe.

Jumatatu, 29 Juni
Sauti imekauka. Haijawahi kunitokea. Kumbe miaka yote nilikuwa nabakiza kidogo, kwa ajili ya ile sehemu ya juu ya mwisho. Jana sikubakiza.

Sokoni nimenunua chumvi kwa kuonyesha kidole. Pembeni kulikuwa na mama nisiyemjua, mgeni wa mkutano, anapanga mihogo na kuimba wimbo ule polepole. Ubeti wa pili anaukosea maneno. Sikuweza kumsahihisha. Nimeketi karibu naye, nimemsikiliza mpaka akamaliza.