Shahidi Aliyekuwa Ukumbini

Mtambile, Pemba

Kwako dada yangu Rahila,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na shemeji na watoto. Mimi mwili hauna kitu, alhamdulillah, ila nyumba imekuwa kimya mno. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitazungusha maneno.

Kesi yangu na Laila juu ya shamba la juu la marehemu baba imekwisha. Laila, mdogo wetu, alishindwa Mahakama ya Ardhi, akashindwa tena Mahakama Kuu pale Chake. Hakukata tamaa, akaenda mpaka Mahakama ya Rufani. Ilipokaa Unguja tulipanda meli moja, kila mtu na upande wake.

Wakili wangu alinieleza kwamba kule juu mashahidi hawaitwi tena. Majaji watatu wanapima yaliyoandikwa chini. Jaji mmoja, mama mpole wa makamo, alimuuliza wakili wa Laila kama kumbukumbu zinaonesha yeyote aliyemsikia marehemu baba akimpa bintiye shamba lile. Wakili akajibu hakuna. Laila akageuka kunitazama. Hakunikunjia uso. Alinitazama tu, mpaka nikainamisha kichwa.

Nimeshinda, dada, na juu ya mahakama ile hakuna nyingine. Watu wawili walikuja kunipa mkono. Tangu hapo sijabishiwa hodi, na karafuu nimechuma peke yangu.

Nilisikia, dada. Baba alipokuwa hajiwezi, Laila akimwosha miguu, mzee alinishika mkono akasema shamba la juu ni la Laila, na mimi ndiye shahidi. Mahakama ya Ardhi niliapa kwa Msahafu kwamba sikusikia. Uongo wangu ndio ulioandikwa, nao majaji hawakuwa na kingine cha kusoma.

Juzi nilikwenda kwa Laila, Kengeja, kumrudishia shamba. Hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni akaniambia, “Kaka Nabhan, mie sitaki sadaka yako. Sema ulichosikia, mbele ya watu waliokusikia ukikana.”

Ijumaa baada ya sala nitasimama msikitini, mbele ya wale waliokuja mahakamani siku ile, niseme, kisha twende kwa wakili tuandikishane. Najua mahakama yaweza kuniita kwa kiapo kile, na iniite. Wewe ulinitetea kwa ndugu miaka yote hii, ndiyo maana nimetaka uyasikie kwangu kwanza.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Huku hakuna wa kukusalimu ila mimi. Ukimpigia Laila kabla ya Ijumaa, mwambie alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Nduguyo,
Nabhan