Mlango Unaojifunga

Jumatatu, 3 Juni
Mlango umejifunga tena. Nimeufungua, nimekunywa chai, umejifunga. Swichi yetu ni kiboksi cha kugawa mtandao darasani, na mlango huo mmoja, tundu lake la waya, ndio unaoupokea kutoka kwenye antena ya paani. Ukijifunga, kompyuta zote ni mapambo. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha plagi. Bure.

Jumanne, 4 Juni
Phiri, fundi wa mtandao wa Lilongwe, amepiga simu kutoka mtaa wa Area 49. Anasema watu wa kambi wanachokonoa vitu. Na ofisi yake imeamua: mtandao usipotulia kufikia Ijumaa, mtihani wa wanafunzi wangu wa mtandaoni utafanyiwa Lilongwe. Wanajua vizuri kwamba sisi wakimbizi hatutoki kambi hii ya Dzaleka bila kibali. Mwaka jana Riziki, mwanafunzi wangu, alinyimwa. Akakosa mtihani, akarudi kuuza mandazi. Hapana. Mwaka huu ataufanyia hapa hapa. Nimekasirika hadi nsima, ugali wa huku, imenishinda.

Jumatano, 5 Juni
Nimeikodolea macho swichi kama paka kwenye shimo la panya. Imetulia. Kisha wa chumba cha ushonaji, jirani zetu, wakawasha swichi yao ndogo. Mlango ukajifunga papo hapo. Nimeingia kwao. Nyaya mbili zinatoka kwao kuja kwetu. Mimi niliweka mmoja.

Wa pili ni wa Papa Ezekieli, mwalimu wao. Hakuficha. "Nyumba ya mulango moja njo kaburi, binti yangu. Kule Fizi, mu vita ya Kongo, tulipona juu ya mulango ya nyuma."

Nimemweleza: kwa nyaya mbili habari zinazunguka tu bila kutoka, swichi inaelemewa, inafunga mlango kujiokoa. Nimemhurumia, na hasira bado ninayo.

Kumbe Phiri alisema kweli. Imeniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Ningeweza kung'oa waya na kusema ilikuwa kutu. Sikutaka. Nimempigia Phiri, nimemwambia yote. Nimemwambia pia kwamba mtu aliyeokolewa na mlango wa nyuma hachokonoi, anajihami. Na waya hauondoki. Anifundishe kuufanya ulale, uamke siku wa kwanza utakapokufa. Amecheka, akanisomea amri za kuandika kwenye swichi, moja baada ya nyingine. Mchana vyumba vyote viwili vimewashwa, mlango wazi. Waje sasa watuhamishe.

Ijumaa, 7 Juni
Wazi kutwa nzima. Ofisi imekubali, kwa shingo upande. Mtihani ni hapa.

Jumatatu, 10 Juni
Wanafunzi wameandika mtihani. Papa Ezekieli amezima cherehani zake zote, eti kelele. Sikumwomba. Saa sita Riziki amekwenda nyumbani kunyonyesha mtoto, kisha amerudi kuandika sehemu ya pili.