Siala Zako Zimefika Kimo cha Nguzo

Mama Ochieng' wangu,

Jumapili kwenye simu, uliposema wenye nyumba unayofanyia kazi huko Uarabuni wanataka uongeze mkataba, nilijibu "sawa" tu. Watoto walikuwa wamenizunguka. Sasa wako shuleni, nami nimekaa chini ya miti yako, siala zako, acha nikujibu vizuri.

Unakumbuka siku ulipotoka nazo Awasi? Miche kwenye karai, umeipakata kama mtoto. Mimi nikaanza mdomo: "Mama, huu mti hauliwi. Si ungeleta ndizi?" Ukaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Ndizi utakula iishe. Hizi ndizo nguzo za nyumba yetu." Ukapanda zote peke yako, hata jembe hukunigusisha.

Ukawa unazimwagilia maji uliyooshea omena, dagaa wako wa kuuza pale sokoni Usenge. Basi paka wa kijiji kizima wakahamia kwetu, kila asubuhi miche imefukuliwa. Wewe unalia, mimi nacheka mpaka nakaa chini. Halafu tukaenda pamoja kukata miiba ya kuzizungushia, ukanichoma nayo makusudi, nikajua nimesamehewa. Hiyo siku nimeikumbuka sana tangu uondoke.

Ulinifundisha kupunguza matawi ya chini ili shina lipande limenyooka. Bado napunguza, kila mvua ikiisha. Mbuzi nawafukuza mwenyewe. Zimenyooka, mama, na sasa zimechanua njano juu kote, nyuki wanavuma tangu asubuhi. Nimejaribu kuzipiga picha nikutumie, lakini kwa simu hii zinaonekana kichaka tu. Natamani uzione kwa macho yako. Natamani hata unigombeze kwamba nimekata vibaya.

Baba mdogo anasema zimefika, tuzikate, tutoke hapa kwa wazee tujenge boma letu. Lakini mila unaijua: siku ya kuingia boma jipya Ochieng', kifungua mimba wetu, abebe shoka, nawe mke wangu ubebe moto. Baba mdogo amechoka kungoja, akasema tuchukue leso yako ishike nafasi yako. Nikamuuliza, "Baba, leso itawasha moto? Itanijibu nikiiita?" Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Sitakuzuia. Najua huko hukwenda kutembea, na mabati uliyotununulia yako ndani, yamefunikwa vizuri. Ukiongeza mkataba nitaendelea kupunguza matawi, na hakuna shoka litakalogusa siala hata moja. Lakini kila ukipiga simu unaniuliza kama tuko salama, nami nakujibu tuko salama. Watoto ndio wako salama. Wanakula, wanasoma, wanakua. Mimi siko salama, Mama Ochieng'. Rudi nyumbani.

Ni mimi mumeo,
Baba Ochieng'