Nimehamisha Tovuti Thelathini na Moja, na Mzee Ananisifu kwa Kutogusa

Shangazi Germana, shikamoo, na poleni na baridi ya huko Njombe mjini, sisi huku Makambako jua linatukumbuka kidogo. Najua wengi wanaokuandikia wamekimbiwa na waume zao. Wangu yupo, tena ndiye anayenipotosha, nitafika huko. Nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana nimeshinda na ushindi wenyewe unaninyima raha.

Kazi yangu ni kutunza tovuti za watu. Kwa miaka sita nilinunua nafasi za kuwekea tovuti kwa jumla kwenye mashine za kampuni moja, nikawagawia wateja wangu rejareja, shule, nyumba za wageni, wauza mbao, mpaka tovuti zikafika thelathini na moja, lakini nafasi ya kuchangia ina majirani, shangazi, mtu usiyemjua akiielemea mashine tovuti zako nazo zinakwama, akituma barua pepe za kitapeli na za wateja wako zinatupwa pamoja na zake. Aliyeumia zaidi ni Mzee Yoeli, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa parachichi kule Mdandu, ambaye wanunuzi wake wanajaza oda kwenye tovuti, na mwaka huu ukurasa ulikuwa unazunguka tu mpaka mnunuzi anachoka na kwenda kwa wengine. Nikaamua kukodi seva nzima, yaani mashine yote, iwe yangu peke yangu, nikaenda kumweleza.

Mzee akagoma. Alisema mche ukiwa na maua hauhamishwi, na huu ndio msimu wa oda, kwa hiyo nisubiri miezi miwili. Kisha akaniangalia usoni.

"Unaniahidi hutagusa?"

"Naahidi, baba."

Na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu wakati naahidi nilijua kwamba ile kampuni imeacha kuuza nafasi za jumla na mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, yaani nisipogusa, tovuti ya chama itazimwa katikati ya msimu, lakini Mzee yule akikunja uso mimi nakuwa mtoto wa darasa la pili, nikameza maneno nikapanda gari nikarudi nyumbani.

Basi nikahamisha. Nilichagua Jumapili asubuhi, wateja wangu wote wakiwa kanisani, mama mkwe nikamwambia tumbo linauma ili nisiende ibadani, na hilo nalo liandike kwenye makosa yangu. Siku tatu kabla nilikuwa nimeshapunguza muda ambao intaneti inakumbuka anwani ya zamani, kutoka siku nzima hadi dakika tano, na nikanakili kila kitu kwenye seva mpya, nikazifungua tovuti zote huko, moja moja, nikibonyeza kila kitufe, kabla mtu mwingine yeyote hajaziona. Hofu yangu kubwa ilikuwa oda, maana kwa saa kadhaa wengine wangeingia kwa mlango wa zamani na wengine kwa mpya, oda zikagawanyika, hivyo nikaitega seva ya zamani iwe inampitisha kila anayeingia moja kwa moja hadi kwenye mpya, uingie kwa mlango wowote unajikuta nyumba ileile. Saa nne nikaanza kubadilisha anwani, ya chama nikaiweka mwisho, na nilipoifikia tu umeme ukakatika. Nilikuwa na betri, nilikuwa na bando kwenye simu, nikaendelea, na katikati ya hapo mnunuzi mmoja akajaza oda, nikaiona inaingia yote, jina, tani, tarehe, haikupungua hata herufi.

Saa sita nimemaliza. Shangazi, hakuna tovuti iliyozimika hata dakika moja. Thelathini na moja! Nilifunga kitenge kiunoni nikacheza peke yangu katikati ya ofisi, sioni haya kukwambia.

Sasa sikia mkosi. Jumatano Mzee Yoeli kanipigia simu anacheka, anasema siku hizi ukurasa unafunguka kabla hujaondoa kidole, oda zinamiminika. "Unaona? Nilikwambia usiguse. Imepona yenyewe." Jumamosi hii wana mkutano mkuu na amepanga kunisimamisha mbele ya wanachama anishukuru kama binti anayetunza ahadi. Tena amewaalika wakulima wa mbegu za viazi wa Ipelele, ambao tovuti yao inakwama kama ilivyokuwa yetu, ili awafundishe wasimruhusu mtu aiguse. Mume wangu Stanley anasema ninyamaze, nisimame, nipigiwe makofi, nikae. Nami nikifikiria kusema ukweli naona Mzee hataniamini tena maisha yake yote, na imani ya yule baba naithamini kuliko seva. Nifanye nini?

Dorika, Makambako

SHANGAZI GERMANA ANAJIBU

Dorika mwanangu, kamwene. Kwanza nikupongeze, kisha nikuchape.

Barua yako nilimpa Laurenti, fundi wa kompyuta hapa gazetini, mtu ambaye hajawahi kumsifu binadamu. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye mlango wa zamani unaopeleka watu nyumba mpya, akapiga meza akasema huyu mama anajua kazi. Mimi sielewi nusu ya ulichofanya, lakini nimefanya kazi na Laurenti miaka tisa na meza hiyo hajawahi kuipiga. Kwa hiyo cheza tena, mama. Umestahili.

Umemaliza kucheza? Kaa chini.

Mzee Yoeli hakukataa kwa ujinga. Alikataa kwa sababu hakuambiwa jambo lenyewe. Wewe ulijua mkataba unaisha, ulijua asipokubali atazimiwa, ukamwacha mtu mzima aamue gizani, halafu ukamwahidi kitu ambacho ulishajua huwezi kukitimiza. Ungemwambia, "Baba, mwisho wa mwezi wanafunga," hata angekunja uso mpaka jioni, angekuuliza tufanyeje. Uliogopa uso wa mzee, ukaona heri kumdanganya. Unaweza kuhamisha tovuti thelathini na moja umeme ukiwa umekatika, halafu sentensi moja inakushinda? Nimekasirika na wewe, nakwambia wazi.

Na huyo Stanley mpe salamu zangu, mwambie shangazi anasema aendelee na shughuli zake.

Ukinyamaza Jumamosi, wewe utapata makofi, na watu wa Ipelele watarudi nyumbani na ushauri wa kuwaua. Watakaa na tovuti inayokufa wakisubiri ipone yenyewe, kwa sababu mzee wanayemheshimu kawaambia yake ilipona. Hilo ndilo linalonifanya nisikuonee huruma.

Sasa fanya hivi. Usimwambie kwa simu, wala usisubiri usimamishwe mbele za watu umwaibishe. Ijumaa panda gari uende Mdandu, ukae naye, uanze na kosa: uliahidi, ulivunja, na ulijua wakati unaahidi. Hapo unyamaze, umwache akasirike mpaka amalize. Ndipo umweleze ulivyohamisha, na umwonyeshe ile oda ya Jumapili iliyoingia wakati wa kazi. Usibadilishe mpangilio huo, maana ukianza na ushindi ataona unajitetea. Laurenti naye anasema barua pepe zilizochelewa kwenye mashine ya zamani uzikusanye kabla mwezi haujaisha, na nakala za akiba sasa ni juu yako, usidhani kuna mtu anakutunzia kama zamani. Jaribu kuirudisha nakala moja uone kama inafunguka. Na mama mkwe umwombe radhi kuhusu hilo tumbo.

Makofi waliyokuandalia ni ya mwanamke ambaye hakufanya kitu. Wewe umefanya, kwa hiyo yakatae, uyatafute yako.

Jibu hili nilimsomea Dorika kwa simu siku ya Alhamisi, gazeti likiwa bado halijatoka. Jumapili alinitumia ujumbe huu, na ameniruhusu niuchape:

"Shangazi, nilikwenda. Mzee alikasirika nusu saa nzima, hakunikaribisha hata chai. Kisha akaniomba nimwonyeshe oda ya Jumapili, akaivalia miwani, akaisoma mara mbili, akasema nirudi nyumbani. Sikujua kama nimesamehewa. Jana kwenye mkutano akanisimamisha, nikadhani ndiyo nafukuzwa mbele za watu. Akawaambia wanachama: 'Huyu alinidanganya, akahamisha tovuti yetu bila ruhusa yangu, na hakuna kati yenu aliyegundua. Mimi pia sikugundua.' Ukumbi ulicheka mpaka naye akacheka. Kisha akawageukia watu wa Ipelele akasema Jumanne mimi na yeye tunakwenda kwao, na kwamba siku na saa ya kuhamisha nitazitaja mimi, hadharani, naye atakaa pembeni yangu mpaka nimalize. Nikasema sawa, baba. Walipopiga makofi nililia, shangazi, na sikujifuta."